Kabla ya kukopa kwa ajili ya sola, tuhesabu uniti zetu

Ndugu Mhariri,

Ninaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa miezi mingi sasa limekuwa likiletwa mezani pangu kila Jumapili, nikiwa mhazini wa kikoba chetu hapa Nyegezi, Mwanza. Wanachama wanaomba mikopo ya kununua mitambo ya sola ya nyumbani, na karibu wote wanakuja na maneno yale yale waliyoyapata kwa wauzaji wanaopita mitaani: kwamba umeme wa jua ni wa bure, kwamba mtambo hujilipa wenyewe, na kwamba anayeendelea kununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, anatupa fedha zake. Mimi mwenyewe nina mtambo huo juu ya bati langu na nimeuwekea daftari tangu mwaka 2021. Daftari hilo linaniambia kwamba maneno hayo ni ya kweli kabisa kwa baadhi yetu, yana ukweli kidogo kwa wengine, na kwa wengi wanaoomba mkopo yatawaletea hasara.

Kila hesabu ya sola ya nyumbani huanzia kwenye bei ya umeme ambao sola inakusudiwa kuuondoa, na hapo ndipo wauzaji wetu hupita haraka. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, lile linaloitwa D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti moja (yaani kilowati-saa moja) mradi matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa shilingi 292. Ukiongeza kodi ya VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), wa kwanza anajikuta amelipa shilingi 122 na wa pili kama shilingi 356 kwa kila uniti. Bei hizo zilitangazwa mwaka 2016 na ndizo ninazolipia hadi leo. Kwa hiyo muuzaji anapoandika kwenye karatasi yake kwamba umeme utapanda kwa asilimia 10 kila mwaka, na kwamba faida ya sola itakua kwa kasi hiyo hiyo, anaandika jambo ambalo mita zetu hazijaliona.

Mwezi uliopita alikuja mwanachama mmoja ambaye ni mtumishi. Anaondoka nyumbani alfajiri pamoja na mumewe, watoto wanakwenda shule, na nyumba inabaki imefungwa hadi jioni. Nilimwomba aniletee risiti zake za LUKU za miezi sita, nikaona anatumia uniti 60 kwa mwezi, yaani shilingi 7,320. Muuzaji alikuwa amemwandikia mtambo wa shilingi 2,400,000. Hata kama mtambo huo ungeondoa uniti zake zote na asinunue LUKU tena, angeokoa shilingi 87,840 kwa mwaka, na ingemchukua miaka 27 kurudisha fedha alizotoa, bila kuhesabu riba yetu wala betri ambazo zingekuwa zimekufa mara kadhaa katika kipindi hicho. Tulimnyima mkopo. Aliondoka amekasirika, na ninamwelewa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha hesabu hiyo kabla hajaipenda picha ya paneli juu ya nyumba yake.

Sasa nieleze yaliyonipata mimi, maana sipendi kuonekana ninawafundisha wengine nikiwa nimekaa pembeni. Mwaka 2021 nilinunua katika duka moja la mjini betri mbili za asidi, zile ambazo mafundi huziita N200, kwa shilingi 450,000 kila moja, pamoja na paneli mbili ndogo. Betri ya volti 12 yenye Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) hubeba uniti mbili na nusu hivi, lakini betri ya asidi haitaki kushushwa chini ya nusu. Ukiimaliza kila usiku inachakaa mapema sana. Aliyeniuzia hakunieleza hilo, wala fundi aliyezifunga, na sisi nyumbani tulikuwa tukiwasha televisheni mpaka inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, ilie. Zilidumu miezi 20. Nikikadiria kwa ukarimu kwamba kila betri ilinipa uniti moja na robo kwa usiku mmoja, katika usiku 600 zote mbili zilinipa uniti 1,500, na nikigawanya shilingi 900,000 kwa uniti hizo ninapata shilingi 600 kwa uniti. Hiyo ni gharama ya kuuhifadhi umeme tu. Jua lilikuwa la bure, nami bado nililipa karibu mara mbili ya bei ya LUKU.

Hili la betri ningependa msomaji alitafakari kwa utulivu, kwa sababu ndilo kiini cha jambo zima. Umeme wa paneli unaotumika papo hapo, mchana, jua likiwa juu, ni rahisi sana. Mji wetu uko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa wastani wa mwaka tunapata jua linalolingana na saa tano hivi za jua kamili kwa siku. Paneli ya wati 550 niliyoinunua kwa shilingi 300,000, baada ya kutoa hasara za joto, vumbi, nyaya na inveta, hutoa uniti mbili kwa siku. Paneli nzuri hudumu zaidi ya miaka 20, ikipungukiwa nguvu kwa kiasi kama nusu ya asilimia moja kila mwaka. Ukigawanya bei yake kwa uniti zote itakazotoa katika muda huo, hazifiki shilingi 25 kwa uniti. Ukiongeza sehemu ya inveta, vyuma na nyaya, bado uko chini ya shilingi 100. Lakini umeme huo huo ukiupitisha kwenye betri ili uutumie saa tatu usiku, unaubebesha bei ya betri, na bei hiyo ndiyo inayoamua kama umepata faida au hasara.

Mwezi Novemba 2023, mgawo wa umeme ulipokuwa umetuzidi, niliamua kubadili mtambo wote. Nilinunua paneli nne za wati 550 kwa shilingi 1,200,000, inveta kwa shilingi 1,100,000, betri ya lithiamu ya uniti tano kwa shilingi 2,900,000, na shilingi 700,000 zikaenda kwenye vyuma, nyaya, waya wa ethi (unaopeleka umeme wa hitilafu au radi ardhini) na ujira wa fundi. Jumla ni shilingi 5,900,000, nazo zilitoka katika kiinua mgongo changu. Miezi mitatu baadaye, Februari 2024, mtambo wa kwanza kati ya mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukaanza kuzalisha megawati 235, na kadiri mingine ilivyofuata kuelekea megawati 2,115 za bwawa zima, mgawo niliokuwa nikiukimbia ukaisha. Umeme bado hukatika huku kwetu kwa hitilafu za nyaya na nguzo, hasa mvua zinapoanza kwa upepo mkali kutoka ziwani, lakini giza la kupangiwa saa limetutoka. Nilinunua kwa hofu, na mtu anayenunua kwa hofu hajadiliani bei.

Betri hii ya lithiamu ni bora kuliko zile za kwanza kwa mbali. Nikitumia uniti nne kila usiku kwa miaka kumi, kila uniti itakayopita ndani yake itakuwa imenigharimu kama shilingi 200. Nikitumia mbili tu, gharama inapanda hadi karibu shilingi 400, yaani juu ya LUKU. Betri kubwa isiyotumika ni fedha iliyolala, na muuzaji anayekushawishi uchukue kubwa zaidi "kwa ajili ya baadaye" anakupandishia bei ya kila uniti utakayoitumia leo.

Kwa wastani mtambo wangu unanipa uniti sita kwa siku. Ungeweza kutoa nane, lakini ifikapo saa nane mchana betri imeshajaa, na kama hakuna kazi ndani ya nyumba, umeme unaobaki hauna pa kwenda. Uniti 180 kwa mwezi, kwa bei ya shilingi 356, ni akiba ya shilingi 64,080. Kwa mwaka ni shilingi 768,960. Kwa kasi hiyo fedha zangu zitarudi baada ya miaka saba na miezi minane. Wauzaji huishia hapo na kusema, umeona? Mimi nimefanya kazi ya kutunza fedha za watu, na najifunza kuuliza swali moja zaidi: fedha hizo zingefanya nini mahali pengine? Hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, na mtu anaweza kuanza na shilingi milioni moja. Milioni 5.9 kwa asilimia 12 ni shilingi 708,000 kila mwaka, na mwisho wa muda mtaji unarudi mikononi mwako ukiwa mzima. Mtambo wangu unanipa kiasi kinachokaribiana na hicho, kimezidi kidogo, lakini mtaji wenyewe unachakaa juu ya bati, na baada ya miaka kumi hivi nitahitaji betri na inveta mpya. Kwa fedha peke yake, hati fungani ingenishinda.

Sijutii, na ningependa nieleweke vizuri hapo. Wajukuu zangu wanasoma bila mshumaa umeme ukikatika, na friji haijawahi kuniharibia samaki tangu siku ile. Mtambo huu ninauhesabu kama bima niliyoikata. Ninachokataa ni kumwambia mjane mwenye akiba ndogo kwamba bima hiyo itamletea faida kama biashara.

Na kwa mkopo, mambo huwa mabaya zaidi. Kikoba chetu hutoza riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ambayo si kubwa ukilinganisha na wakopeshaji wa mitaani. Hata hivyo, kama ningekopa zile milioni 5.9, riba ya mwezi wa kwanza peke yake ingekuwa shilingi 118,000, wakati akiba yangu ya LUKU ni shilingi 64,080. Mkopaji wa namna hiyo angekuwa anatoa mfukoni mwake kila mwezi ili alipie riba ya umeme alioambiwa ni wa bure. Mitambo midogo inayolipiwa kidogo kidogo kila siku kwa simu nayo ihesabiwe vivyo hivyo: jumlisha malipo yote hadi siku ya mwisho, kisha ulinganishe na bei ya fedha taslimu. Tofauti utakayoiona ndiyo riba, hata kama hakuna aliyeitaja kwa jina hilo.

Yupo mwanachama mmoja ambaye tulimpa mkopo wa sola bila kusita, na mfano wake unaeleza jambo ninalotaka kulisema kuliko maelezo yangu yote. Ana mtumbwi wa dagaa katika mwalo wa kisiwa kimoja kidogo wilayani Ukerewe, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Wavuvi wake walikuwa wakitumia karabai nne, kila moja ikinywa lita moja hivi ya mafuta ya taa kwa usiku, katika usiku 20 za giza kila mwezi, kwani mbalamwezi ikikolea dagaa hawavutwi na taa. Hizo ni lita 80. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita alikuwa anateketeza shilingi 240,000 kila mwezi juu ya maji. Mkopo wake ulikuwa shilingi 900,000 za paneli, betri ndogo na taa zake, na katika mwezi wa tano tangu aukope alikuwa ameumaliza pamoja na riba. Atabadilisha betri baada ya muda, hilo ni lazima, lakini hata akizibadilisha kila baada ya mwaka mmoja na nusu bado atakuwa ameacha fedha nyingi mfukoni kuliko zamani. Hali hiyo hiyo ninaiona kwa wenye steshonari za kule Malimbe, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambao umeme ukikatika huwasha jenereta ndogo za petroli ili wanafunzi wapate nakala zao. Jenereta ndogo hutoa uniti moja na nusu hadi mbili kwa lita moja, kwa hiyo kila uniti inawagharimu zaidi ya shilingi 1,000. Sola inapoondoa mafuta inalipa haraka. Inapoondoa LUKU ya shilingi 356 inalipa polepole, kwa mwenye subira na fedha zake mwenyewe. Inapoondoa umeme wa shilingi 122 hailipi.

Iko nyumba moja ya katikati ambayo wauzaji hawaizungumzii, nami nadhani inafaa kuangaliwa. Ni ile inayotumia uniti 100 au 110 kwa mwezi, ikiwa T1, na ambayo mchana ina watu ndani yake: bibi, mtoto mdogo, friji, pampu ya maji. Uniti 110 ni shilingi 39,160. Paneli moja kubwa na inveta ndogo isiyo na betri, kwa gharama ya kama shilingi 1,300,000, inaweza kuondoa uniti 40 za mchana, na matumizi yakashuka hadi 70. Akiomba na kukubaliwa kuhamishiwa D1, atalipa shilingi 8,540 kwa mwezi, na fedha zake zitarudi katika miaka mitatu na nusu. Kukubaliwa huko ni uamuzi wa TANESCO na hakuji kwenyewe, kwa hiyo asinunue kwanza kisha aulize baadaye. Nyumba ya namna hii pia haihitaji betri ya gharama kubwa kama itajifunza kuhamisha kazi zake: kupiga pasi saa sita badala ya usiku, na kupandisha maji mchana. Hapa Mwanza wengi tuna tangi la maji juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Tangi lililojazwa saa saba mchana linatoa maji usiku kucha bila uniti hata moja.

Mawe hayo hayo yanaweza kukuharibia hesabu. Nyumba za milimani, kuanzia Igogo hadi Mabatini, nyingi zimebanwa na majabali ambayo asubuhi au alasiri hutupa kivuli juu ya bati, na kivuli kikiangukia paneli moja kati ya kadhaa zilizoungwa kwa mfululizo, huzipunguzia nguvu zile nyingine pia. Kabla hujanunua, kaa siku nzima uangalie kivuli kinapita wapi. Paneli ielekezwe kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, na ilazwe kwa mwinamo wa nyuzi kumi au zaidi kidogo ili mvua iioshe. Mvua peke yake haitoshi kwa wanaoishi karibu na mialo na masoko ya samaki, ambako korongo hawakosekani; kinyesi chao kikikauka juu ya kioo lazima mtu apande na maji na kitambaa. Waya wa ethi nao usiachwe kwa sababu ya kubana matumizi, kwa maana bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na radi moja inaweza kuteketeza inveta yako kabla haijamaliza mwaka.

Kuhusu bidhaa bandia, nitoe njia moja ambayo haihitaji fundi. Jua la adhuhuri huleta takriban wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za sasa hugeuza kama asilimia 20 hadi 23 ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo paneli yenye eneo la mita moja ya mraba haiwezi kuzidi wati 230 au karibu na hapo. Nenda dukani na futi kamba, pima urefu na upana, zidisha. Ukiambiwa kwamba paneli isiyofika mita moja ya mraba ni ya wati 300, lebo hiyo ni ya uongo, nawe uondoke. Mojawapo ya zile paneli zangu za kwanza ilikuwa ya namna hiyo, na nililijua jambo hili nikiwa nimeshalipa.

Vijana wetu hunionyesha pia video za Marekani na Ulaya ambako mwenye nyumba anasema mtambo wake umejilipa. Simbishii. Marekani, sheria ya mwaka 2022 ilimrudishia mwenye nyumba asilimia 30 ya gharama kupitia kodi yake ya mapato, mpaka nafuu hiyo ilipokoma mwishoni mwa mwaka 2025. Ujerumani, tangu mwaka 2000, sheria iliwahakikishia wazalishaji bei maalumu ya umeme wanaoingiza kwenye gridi kwa miaka 20. Umeme wao ni ghali kuliko wetu, na ule unaozidi mchana wanauuza. Wa kwangu unaozidi saa nane mchana unapotea, na hakuna anayenirudishia asilimia yoyote.

Ombi langu kwa wauzaji wanaotangaza katika magazeti na redio zetu ni kwamba waandike, pamoja na bei ya mtambo, uniti ambazo utatoa kwa siku na idadi ya miaka ambayo betri inatarajiwa kudumu ikitumika kila usiku. Mnunuzi akiwa na namba hizo tatu na risiti zake za LUKU, anaweza kukaa na mwanawe wa darasa la saba wakamaliza hesabu jioni moja.

Kikoba chetu kina maombi mengine matatu ya mikopo ya sola yatakayojadiliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Mmoja wa waombaji ana mashine ya kusaga inayotumia dizeli, na nimeshamwomba aje na daftari lake la mafuta. Wawili wengine nimewaomba risiti za miezi sita.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhazini wa kikoba,
Nyegezi, Mwanza.